Mwosha Maiti Aliyekuja Bila Kuitwa

Siku Nuradin alipomwona Mama Hibo kwa mara ya kwanza ndiyo siku mama yake mzazi alipofariki. Ilikuwa asubuhi ya Jumanne. Nyumba yao ya Majengo, vyumba viwili na ua mdogo wa kupikia, ilikuwa imejaa wanawake waliokuwa wakilia na kupishana mlangoni. Nuradin alikuwa na miaka thelathini na mmoja, hajaoa, na hakujua mikono yake aiweke wapi. Alisimama kando ya pipa la maji akijifanya ana kazi ya kulilinda.

Ndipo akaingia mwanamke mrefu, mwembamba, amevaa diraa ya kahawia na mtandio mzito uliomfunika mabega. Mkononi alishika ndoo ya plastiki, ndani yake kata ya kuchotea maji, sabuni na furushi la vitambaa. Hakulia. Alitoa salamu, akauliza mwenye msiba ni nani. Wakamwonyesha Nuradin.

"Wewe ndiye mtoto wake?"

"Ndiyo."

"Jina la mama?"

"Zamzam."

"Maji haya ni ya leo au ya jana?"

"Ya leo."

"Basi nitekee ndoo sita, uzipange hapa mlangoni. Ukimaliza usiende mbali."

Kazi ile ilimwokoa. Aliteka maji, akazipanga ndoo, akakaa kwenye kigoda nje ya pazia. Kutoka ndani alisikia sauti ya yule mwanamke, ya chini na ya kawaida, kama ya mtu anayemsuka mwenzake nywele. "Zamzam, nakulaza kwa ubavu wa kushoto sasa. Maji si baridi, nimeyachanganya. Vumilia kidogo, mama, tumekaribia." Nuradin hakuwa amewahi kusikia mtu akizungumza na maiti hivyo. Machozi yaliyokuwa yamemkauka tangu alfajiri yalimtoka hapo, na kwa kuwa hakuna aliyekuwa akimtazama, aliyaacha.

Mwanamke yule alipotoka, mikono ya diraa yake imelowa mpaka kwenye viwiko, alimwambia, "Mama yako alikuwa mtu msafi. Hakunipa kazi nyingi." Kisha akaenda zake na ndoo yake, hakungoja hata chai.

Jina lake hasa lilikuwa Ruqiyo, lakini mtaa mzima ulimwita Mama Hibo, kwa jina la binti yake wa pekee. Alizaliwa palepale Majengo, Pumwani. Baba yake alikuwa amekuja kutoka kaskazini na lori za mifugo, akaishia kuoa na kukaa. Mumewe naye alikuwa dereva, akafa kwenye ajali njia ya Garissa, Hibo akiwa bado mgongoni. Kazi ya kuosha maiti za wanawake alifundishwa na mama mkwe wake, na hakuwahi kuifanya kwa malipo. Riziki yake ilitoka kwenye karai la sambusa alilokuwa akilibandika motoni jioni mbele ya nyumba. Alipoulizwa ameosha wangapi, alijibu kwamba watu hawahesabiwi, akaendelea kukunja sambusa.

Mwaka uliofuata kifo cha mama yake, Nuradin alirithi kiduka cha mjomba wake. Kilikuwa kiduka cha vitu vya maziko: bafta nyeupe ya kukata sanda, kafuri, pamba, udi na marashi ya waridi. Duka lile lilimfaa. Aliacha shule darasa la saba na tangu utotoni ulimi wake ulikuwa mzito mbele ya watu. Wanunuzi wa bafta hawana hamu ya kupiga gumzo. Wanataja wanachotaka, wanachukua, wanaondoka.

Mama Hibo ndiye aliyekuwa mnunuzi wake wa mara kwa mara. Akija, husema tu, "Nikatie ya mwanamke," na jina la marehemu. Nuradin hukata vipande vitano, huvikunja, humpa. Mama Hibo akishapinda kona, Nuradin huegemeza mlango wa duka, hutembea hadi msikitini na kumwambia muadhini Abdiqadir ni nani aliyefariki na nyumba gani. Abdiqadir hutangaza kwa kipaza sauti baada ya sala, na wanaume huanza kupanga habari za kaburi. Hakuna aliyekaa akaupanga utaratibu huo. Ulijipanga wenyewe, na kwa miaka kumi na tisa haukukosea hata mara moja.

Dalili zilikuwepo, na Nuradin aliziona. Kuna siku Mama Hibo alinunua kafuri asubuhi, akarudi mchana kununua kafuri ya maiti yuleyule. Kuna siku alisimama kizingitini akiitazama kata iliyokuwa mkononi mwake, kisha akamuuliza Nuradin kama ni yake. Mwanamke mmoja aliyekuwa akimsaidia kuosha alikuja dukani akanong'ona kwamba Mama Hibo alianza kumwosha marehemu, akafika miguuni, akarudi akaanza tena kichwani, akafika miguuni, akarudi tena, mpaka maji yakaisha na wenye nyumba wakaanza kugonga mlango.

"Labda alichoka," Nuradin alisema.

"Labda," yule mwanamke akajibu, na wote wawili wakaangalia pembeni.

Hakumwambia mtu. Aliona si mahali pake, mwanamume tena mtu baki, kumpelekea Hibo maneno kama hayo kuhusu mama yake. Alijiambia kwamba Hibo ana macho.

Halafu ikaja ile Alhamisi. Mama Hibo alifika dukani saa sita mchana, ndoo mkononi, mtandio umefungwa vizuri, hatua zake za haraka kama kawaida.

"Nikatie ya mwanamke."

"Inna lillahi. Nani, mama?"

"Kawsar. Wa nyumba ya mabati ya kijani."

Nuradin alimfahamu Kawsar, mama mtu mzima mwenye maneno mengi na maradhi ya presha. Alikata bafta. Mama Hibo alipopinda kona, aliegemeza mlango akaenda msikitini. Abdiqadir alisikitika, akasema Kawsar alikuwa amemwahidi mke wake bizari ya pilau juzi tu. Baada ya sala ya adhuhuri kipaza sauti kikatangaza kifo chake, jina lake, jina la baba yake na nyumba yake.

Kawsar alikuwa amekaa uani kwake akichagua mchele.

Baadaye alisimulia kwamba aliposikia jina lake alidhani ni Kawsar mwingine. Lilipotajwa jina la baba yake alijishika mkono aone kama bado una joto. Alikuwa na homa siku iliyotangulia, Mama Hibo alikuwa amekuja kumjulia hali na kumkuta amelala, na hilo ndilo lililobaki katika kichwa cha Mama Hibo, lakini limebaki limepinda. Dakika chache baada ya tangazo Mama Hibo alisukuma mlango wa mabati akaingia na ndoo yake. Alimtazama Kawsar machoni, akawauliza wajukuu, "Mmemlaza wapi?"

Kufikia alasiri jamaa walikuwa wakishuka kutoka Eastleigh kwa makundi, wanalia tangu barabarani. Wengine walipomwona Kawsar amekaa na ungo wake walizidi kulia. Presha yake ikapanda akapelekwa hospitali, akalazwa siku tatu.

Jioni hiyo mtoto wake Dirie, kijana muuza magodoro ya jumla, alikuja dukani na wenzake wanne.

"Mzee, ni wewe ulikata sanda ya mathe?"

Nuradin alisogeza kando mkasi uliokuwa mezani. Angeweza kusema mengi. Angeweza kusema ni yeye aliyepeleka habari msikitini bila kwenda kuhakikisha, ingawa nyumba ya Kawsar haiko mbali na msikiti. Angeweza kusema kwamba kwa muda wa mwaka mzima alikuwa akiona mambo na kunyamaza.

"Mama Hibo ndiye aliyekuja kununua," alisema.

"Si mnaona?" Dirie akawageukia wenzake. "Huyo mama anachagua watu. Anaenda kwa mtu akiwa mzima, anamwandalia sanda. Hiyo ni nini kama si uchawi?"

"Lakini ni mama ya watu, bro," mmoja alisema.

"Na mathe yangu ni ya mbwa?"

Walimtazama Nuradin wakingoja neno. Yeye akaanza kukunja bafta. Wakaondoka, na neno uchawi likaondoka nao, likasambaa Majengo nzima kabla ya isha.

Wiki ile mawe yalirushwa kwenye bati la nyumba ya Mama Hibo. Karai lake la sambusa halikupata mnunuzi hata mmoja. Wanawake wawili walifariki mwezi huo, na jamaa zao wakaenda kutafuta mwoshaji mtaa mwingine. Mama Hibo aliendelea kutoka asubuhi na ndoo yake, anabisha mlango wa huyu na wa yule, anauliza marehemu yuko chumba gani. Alifukuzwa kwa maneno, kisha kwa fagio. Mtu mmoja alimmwagia maji ya kuoshea vyombo. Dirie akatuma ujumbe kwa Hibo kwamba ama amfungie mama yake ndani ama amtoe mtaani, na kwamba hatasema mara mbili.

Hibo alikuwa na banda la chai na mahamri Gikomba, na alikuwa akitoka kabla jua halijachomoza. Hakuwa na mtu wa kumwachia mama yake. Alinunua kufuli kubwa la shaba. Akawa anatoka anafunga, anarudi saa nane anafungua.

Nuradin alilazimika kupita pale kila siku akienda dukani. Mara ya kwanza alisikia viganja vikigonga mlango kwa ndani, taratibu, bila hasira. Alijaribu kuharakisha, lakini dirisha dogo lenye nondo lilikuwa upande wa njia.

"Nani huyo? Nuradin?"

"Ni mimi, mama."

"Mbona hawaniiti tena? Nimemkosea nani?"

Nuradin akaendelea na njia. Alifika dukani akakaa nyuma ya meza hadi adhuhuri, na alipokuja mtu kununua udi akampa pamba.

Aliyemfungua mdomo alikuwa Wavinya, mhudumu wa afya ya jamii kutoka Kaloleni, mama mwenye mkoba mkubwa mgongoni aliyezunguka mitaa akiwapima watu presha na kuuliza kuhusu chanjo. Alikuwa amempima Mama Hibo kupitia dirishani. Akaja dukani kuuliza kama kuna ndugu mwingine mbali na Hibo.

"Hakuna," Nuradin alisema. Kisha, bila kujua kwa nini, akaongeza, "Wanasema ni mchawi."

Wavinya alivuta kiti akakaa. "Baba yangu alikuwa karani wa reli," alisema. "Alistaafu vizuri kabisa. Miaka kumi na tano baadaye akaanza kuamka saa kumi na moja, anavaa tai, anaenda stesheni kuripoti kazini. Walikuwa wanamsukuma huko. Nyumbani sisi tulikuwa tunamgombeza. Kaka yangu mmoja akamleta mganga mpaka Kaloleni. Mbuzi tukachinja. Halafu daktari akatuambia ni ugonjwa, una jina, unakula ubongo polepole, unaanza na mambo ya jana, unayaacha ya zamani mwisho. Kazi ya mtu ni ya zamani. Kwa hivyo anaishika."

"Unapona?"

"Haponi mtu. Lakini kuna kufa umechekwa na kuna kufa umeheshimiwa."

Alimwambia kuhusu mkutano wa Jumamosi kwenye ukumbi wa Kaloleni, wa watu wenye wazazi wagonjwa kama hao na yeyote anayetaka kuelewa. Nuradin alikwenda, akakaa kiti cha nyuma. Watu hawakufika ishirini. Binti mmoja alieleza jinsi mama yake alivyomkana mbele ya majirani. Mzee mmoja alisema mke wake humkimbia akidhani ni mwizi, na watu wakacheka, naye akacheka nao. Wavinya akasema kuna ndugu kutoka Majengo, labda ana neno. Nuradin alisimama. Alishika kiti cha mbele yake. Aliwaona wote wamegeuka wanamtazama, akafungua mdomo, pumzi ikatoka, neno halikutoka. Akakaa.

Usiku ule hakulala vizuri, na asubuhi alifanya jambo ambalo si la kawaida yake. Alifunga duka. Kama hawezi kuzungumza na watu ishirini kwa pamoja, alifikiri, labda ataweza kuzungumza na mmoja mmoja.

Alianza na Kawsar, kwa kuwa ndiye aliyemtia hofu zaidi. Kawsar alimkuta amesimama mlangoni, kofia mkononi.

"Umekuja kunipima sanda tena?" alisema. "Ingia. Mimi ni mita zilezile."

Nuradin alikaa kwenye ukingo wa mkeka. Chai ililetwa, ikapoa. Hatimaye akasema akiangalia sakafu, "Ni mimi niliyekwenda msikitini. Yeye alisema tu. Mimi ndiye niliyepeleka."

"Najua. Abdiqadir alishaniambia."

"Na Dirie aliponiuliza sikusema."

"Hilo nalo nalijua."

Akamweleza aliyoyasikia kwa Wavinya, kwa kukatakata, akirudi nyuma mara kwa mara. Kawsar alisikiliza huku akizungusha tasbihi. Nuradin alipomaliza, Kawsar aliiweka tasbihi chini.

"Ruqiyo aliwaosha dada zangu wote wawili," alisema. "Mdogo alikufa kwa moto. Hakuna aliyetaka kuingia chumba kile. Aliingia yeye peke yake, akafunga mlango." Akaitazama chai iliyopoa. "Dirie niachie mimi. Bado naweza kumchapa. Sasa sema, akija na ndoo yake tumwambie nini? Maana ukimwambia hakuna aliyekufa anakuona muongo."

Hilo ndilo Nuradin alikuwa amelifikiria usiku kucha. "Tumwambie tumeshamaliza. Tumwambie, tumeshamwosha, mama, Mungu akulipe, kaa unywe chai. Halafu mtu amsindikize mpaka nyumba ya pili."

Kuanzia hapo alizunguka. Hakuwa na orodha, lakini alikumbuka kila nyumba aliyoikatia bafta ya mwanamke, nani alifariki na mwaka gani. Alikuwa akibisha, anatoa salamu, anauliza, "Mama yenu aliyemwosha ni nani?" Watu walitazamana. Kisha wakasema, "Ni Mama Hibo." Kutoka hapo mambo yalikuwa mepesi zaidi, ingawa si kila mahali. Nyumba tatu zilimfungia mlango. Shangazi mmoja alimwambia kuwa jini likimwingia mtu halitoki kwa chai. Lakini nyumba arobaini na zaidi zilikubali, na Abdiqadir alisema maneno mawili matatu baada ya sala ya Ijumaa, si kwa kipaza sauti. Aliongeza pia kwamba kuanzia sasa msikiti hautatangaza kifo mpaka mtu atumwe nyumbani kwa wafiwa, na alipomaliza hakumwangalia Nuradin.

Hibo ndiye aliyekuwa mgumu.

"Wewe unaniambia nifungue," alisema, unga ukiwa bado kwenye mikono yake. "Akiumia utakuwa wapi? Utakuwa dukani unakunja bafta."

"Dada Hibo, anagonga mlango siku nzima."

"Unadhani sijui anagonga? Mimi nalala naye. Mama yangu, hooyo, ananiamsha ananiuliza mimi ni nani na kwa nini nimemfunga. Unafikiri nafurahia?"

"Watu wamekubali. Nenda umuulize Kawsar."

Alimwuliza Kawsar. Aliwauliza na wengine. Baada ya wiki mbili kufuli likatoka mlangoni.

Ikawa miezi minne ambayo Nuradin angependa iwe mirefu zaidi. Mama Hibo alikuwa akitoka na ndoo yake, anabisha, anaambiwa wameshamaliza, Mungu akulipe, anakaa anakunywa chai. Mara nyingine aliomba dua pale, akawapa pole watu ambao hawakuwa na msiba, nao wakaipokea. Wakati mwingine aliingia kwa Kawsar akamuuliza marehemu yuko wapi, na Kawsar akajibu, "Bado anapika, rudi kesho." Alikuwa akikonda. Maneno yalimpungua, Kiswahili kikaanza kumtoka na Kisomali cha utotoni kikabaki. Lakini alitembea, na alirudishwa kila siku kutoka mkono hadi mkono mpaka kwake.

Nuradin alizunguka nyumba zote upande wa msikiti, akafika barabarani. Hakuvuka. Ng'ambo ile, kuelekea Muthurwa, kulikuwa na vibanda vya wachuuzi kutoka kila pembe ya nchi, watu wasionunua bafta kwake, wasiomjua yeye wala mama yake. Wavinya alimwambia mara mbili kwamba wale pia wanafaa kuambiwa. Alijibu kwamba ataenda. Kila Jumatatu alijiambia ataenda. Alifika ukingoni, akaona umati na kelele, akageuka.

Siku ya Jumatano, saa nane mchana, Mama Hibo alivuka.

Mwanamke mmoja mchuuzi wa viazi alikuwa amechoka na jua, amejilaza chali juu ya magunia, leso amejifunika usoni. Mama Hibo aliweka ndoo chini. Alimnyoosha miguu, akaiweka pamoja. Alimfunua uso, akatoa kitambaa kwenye furushi lake na kuanza kumfunga taya, akizungumza naye kwa sauti yake ileile. Mwanamke yule aliamka akapiga ukelele. Watu waliokuja mbio waliona mama aliyejifunika mtandio ameshika kitambaa shingoni mwa mwenzao. Wa kwanza alisema anamnyonga. Wa pili alisema anamroga. Waliobaki hawakuuliza, walipiga tu.

Mpagazi mmoja wa mkokoteni aliyeishi Majengo ndiye aliyemkinga kwa mwili wake mwenyewe. Alikuwa akipaza sauti, "Ni mgonjwa, ni mgonjwa, anaosha maiti," na watu wakasikia maiti tu. Alipomtoa pale, nyonga ya Mama Hibo ilikuwa imevunjika.

Alikaa hospitali wiki mbili. Madaktari walisema hawawezi kuahidi kitu kwa mfupa wa umri ule. Nuradin alikwenda kila siku, akasimama nje ya wodi ya wanawake, akampa Hibo chupa ya chai. Hibo aliipokea, akarudi ndani. Siku ya tano alisema, "Ungeniacha na kufuli langu." Hakusema kwa hasira. Alisema jinsi mtu anavyotaja saa. Nuradin aliinamisha kichwa, na kesho yake akaleta chai tena.

Mama Hibo alirudishwa nyumbani akiwa hawezi kugeuka mwenyewe. Majirani walikuja kwa zamu. Kawsar, na presha yake, alikuja kila asubuhi kumwosha uso na kumpaka mafuta. Hata Dirie alileta godoro jipya, akaliweka mlangoni, akaondoka kabla ya kushukuriwa. Yote hayo yalikuwa mema na yote yalikuja yamechelewa, na Nuradin, aliyekuwa akikaa kwenye kigoda karibu na mlango kila baada ya alasiri, hakuweza kuyaona mema bila kuona kuchelewa kwake.

Mama Hibo hakumjua tena. Siku nyingine alimwita kwa jina la mumewe, siku nyingine hakumwita kabisa. Alikuwa akiutazama mlango. Hibo alikuwa ameuacha wazi kwa sababu ya joto, pazia tu linapepea, na nje watu walipita wakitoa salamu.

Mara ya mwisho Nuradin kumwona akiwa hai ilikuwa Ijumaa, jua linaelekea kushuka. Hibo alikuwa uani anafua shuka. Mama Hibo alikuwa amefumba macho tangu mapema siku hiyo, kisha ghafla akayafungua, yakawa makavu na yenye akili, na Kiswahili chake kikarudi safi.

"Nifungulie mlango, baba. Watu wananingoja."

"Mlango uko wazi, mama."

Aliutazama. Akajaribu kuinuka kwa kiwiko, uso ukakunjamana kwa maumivu, akarudi kwenye mto. Alikaa hivyo akihema. Nuradin alitaka kumwambia kwamba wameshamaliza, Mungu akulipe, maneno yale aliyowafundisha watu nyumba hadi nyumba, lakini hayakutoka, kwa kuwa safari hii yangekuwa yake mwenyewe kuyasema. Mama Hibo alimtazama muda mrefu, kama mtu anayepima kama mjumbe huyu anaweza kutumwa. Kisha akanyoosha mkono, akamshika kidole kimoja.

"Basi nenda wewe," alisema. "Waambie sikukataa kuja."